Msaragambo kwenye Fomu ya Usalama

Nina namba ya tarakimu kumi na sita, na kwa muda wa miaka miwili niliipenda kuliko inavyomfaa mtu mzima kupenda namba.

Ni namba ya watafiti. Yeyote duniani anayeandika makala za kisayansi anaweza kujipatia yake mtandaoni, na tangu siku hiyo kila anachokiandika hufungwa kwenye namba hiyo, ili mtafiti wa Same asichanganywe na mtafiti wa Songea mwenye jina kama lake. Kwetu Upareni hilo si jambo dogo. Watoto hupewa majina ya babu zao, na babu yangu alijaliwa watoto wa kiume sita, kwa hiyo tuko sita tunaoitwa jina lilelile na ukoo uleule. Mmoja ni fundi pikipiki, mmoja mwalimu wa kwaya, na mmoja alifunga ndoa mara mbili bila kuwaarifu wahusika. Namba ilinitenga nao. Niliichapisha kwenye kadi zangu, nikaibandika kwenye mlango wa ofisi, na siku moja harusini, nilipoombwa kujitambulisha, nilianza kuisoma yote kwa kituo. Mshereheshaji alininyang'anya kipaza sauti nikiwa kwenye tarakimu ya kumi na mbili.

Kazi yangu ni kuoza. Nasoma ugonjwa unaoozesha tangawizi, ule unaoanza na majani kugeuka manjano, na ukilivuta shina linakuja lote mkononi likiwa na harufu ya kumfukuza mbwa. Ofisi yetu iko Same mjini, karibu na barabara kuu, mahali ambapo tangawizi haioti hata kwa maombi. Wakulima wenyewe wako Mamba, mlimani, nilikozaliwa, na mama yangu ni mmoja wao. Msimu mmoja kabla ya kisa hiki tangawizi yake yote ilioza. Alivuta shina la kwanza, la pili, la tatu, akaacha, akaenda kupika.

Msimu huo ninaousimulia tulikuwa na mradi pamoja na chuo kimoja cha nchi za baridi. Tulikuwa tumekuza mbegu safi, zisizo na ugonjwa, zikawa zimelala kwenye makreti ya plastiki ndani ya stoo yetu. Wakulima wa Mamba walikuwa wameacha sehemu ya mashamba yao wazi wakizisubiri. Mama aliacha matuta yake yote, maana hakubakiwa na mbegu nyingine. Ilibidi ziwe ardhini kabla masika hayajakolea, kwa sababu mvua ikikolea ile barabara ya kupandia mlimani hugeuka utelezi, na mbegu ya tangawizi ikishatoa macho haisubiri barua pepe. Tulichokosa kilikuwa kibali kimoja tu, cha ofisi ya usalama wa utafiti ya chuo kile.

Usalama wa utafiti ni jambo la siku hizi. Wenzetu wana hofu kwamba mtafiti anaweza kuwa anakula huku na kutumikia kule, kwamba kuna serikali au kikundi kimemshika bila wao kujua. Kwa hiyo kwanza unasomeshwa somo la mtandaoni, lenye picha ya mwanamume wa miwani myeusi akimpa mtafiti bahasha kwenye maegesho ya magari. Kisha unaingia kwa namba yako na kujaza fomu. Swali lililoniponza lilisema: taja uanachama, nafasi au wajibu wowote ulio nao nje ya kazi yako, wenye malipo au usio na malipo, ambao unampa mtu au kikundi haki ya kudai muda wako.

Mkuu wetu wa kituo, mama mmoja aliyejaza fomu tangu enzi za karatasi za kaboni, alipita nyuma ya kiti changu akaniona nimekunja uso.

"Andika hakuna, mdogo wangu," akasema. "Hakuna, hakuna, hakuna, halafu saini."

"Lakini dada, wameuliza wajibu wowote."

"Wameuliza ili ujibu hakuna."

Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa kukasirika, na nikikasirika huwa mkweli kupita kiasi, jambo ambalo limenikosesha marafiki wengi wazuri. Nikajiambia kwamba mtu mwenye namba ya tarakimu kumi na sita haandiki uongo chini yake. Nikaandika msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji.

Niliandika kwa Kiingereza changu cha siku za sikukuu. Nikasema kwamba mimi, tangu baba aliponiachia shamba, ni mwanachama wa kikundi kinachotunza ndiva, yaani bwawa la udongo linalokinga maji ya kijito na kuyagawa mashambani kwa zamu. Kwamba kikundi hiki huitana kwa pembe, alfajiri, bila taarifa. Kwamba kila mwenye shamba sharti afike na jembe lake kufukua tope na kuziba kingo, na asiyefika bila udhuru huendewa nyumbani akachukuliwa chombo mpaka ajirekebishe. Kwamba hakuna mkataba, hakuna malipo, na sijasikia mtu aliyewahi kujitoa. Na kwa kuwa nilishapata moto, nikaongeza kwamba kwetu mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, nikaitafsiri methali hiyo neno kwa neno, nikabonyeza kutuma, nikaenda kunywa chai na chapati hapo barabarani nikiwa na amani ya mtakatifu.

Kesho yake, kwenye ukurasa wa fomu yao, pembeni mwa jina na namba yangu, kulikuwa na duara dogo la manjano, alama ya anayechunguzwa.

Barua pepe iliyofuatana nalo ilikuwa ya heshima sana. Walinishukuru kwa uwazi wangu. Walisema katika miaka yote ya ofisi yao hawajawahi kupokea maelezo kama hayo. Kisha wakauliza kikundi kimesajiliwa wapi, nani anakidhibiti, na kina uhusiano gani na hao wanamgambo wa kwenye tafsiri yangu. Walitaka kujua kama ujumbe wa pembe unaweza kueleweka na watu wasio wanachama. Na kuhusu kuchukuliwa vyombo, waliuliza kama ninajisikia salama, na kama nipo mahali ambapo naweza kuzungumza kwa uhuru.

Tukazungumza kwa video. Upande wa pili alikuwa dada mmoja mpole, mwenye sauti ya muuguzi anayekaribia kuchoma sindano.

"Hicho chombo wanachochukua," akasema, "ni chombo cha namna gani?"

"Sufuria, mara nyingi. Zamani ilikuwa chungu."

"Na wewe unawaruhusu?"

"Mimi huwa sipo. Wanapeana na mama."

"Wanampa mama yako sufuria?"

"Hapana, mama ndiye anayewapa. Asipowapa wataondoka na mlango."

Aliandika kwa muda mrefu. Nilimwona mkuu wangu wa kituo, aliyekuwa amesimama nje ya kamera, akiweka kichwa chake ukutani taratibu.

Uamuzi ulikuwa huu: kamati yao ingekutana Ijumaa ya wiki iliyofuata, na baada ya hapo isingekutana tena mpaka mwezi mwingine. Kama kabla ya Ijumaa hiyo watapata barua ya kiongozi wa kikundi, yenye saini na mhuri, inayoeleza kikundi ni nini na mimi nimekitolea siku ngapi kwa miaka mitatu, watanifikiria. Kama la, mradi usimame. Niliangalia nje. Juu ya milima mawingu yalikuwa yameanza kukaa mkao wa masika. Nikaenda stoo nikafunua kreti moja. Macho ya tangawizi yalikuwa yamechomoza, meupe, urefu wa kucha.

Nikachukua bodaboda kwa njia ya Kisiwani mpaka Gonja, halafu nyingine ya mlima, fomu waliyonitumia, yenye maswali ya kikundi kujibu, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni kifuani. Dereva wa pili alikuwa na tabia ya kugeuka kuniangalia kila anaponiuliza jambo, na alikuwa mtu wa maswali mengi. Nilifika nyumbani nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Mama alikuwa kibarazani anapukuchua maharage. Amevuka sabini, na goti lake la kushoto lina maoni yake kuhusu kila ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona katikati ya wiki? Umefukuzwa kazi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kichasu, yaani Kipare chetu, na kwa Kiswahili, na bado haikueleweka.

"Kwa hiyo hao watu wanataka kujua nini?"

"Kama kuna watu wananitumia, mama."

Akanitazama toka kiatu hadi kichwani. "Wakutumie kwa kazi gani?"

Nilipotaja kwamba nakwenda kwa kamati ya ndiva kuomba barua, mikono yake ilisimama juu ya ungo. Akasema hapana haja. Akasema mwenyekiti ana kichwa kigumu, na siku hizi macho yanamsumbua, na katibu kasafiri. Katibu alikuwa anapita barabarani wakati huohuo, akatusalimia. Mama akasema basi ataongea nao yeye, mimi nipumzike, chai iko jikoni. Nilidhani anaona haya kwa sababu ya sufuria zilizokwisha kuchukuliwa. Nikajiapiza moyoni kwamba nitazikomboa zote.

Kamati ilikutana asubuhi iliyofuata, kwenye ukingo wa ndiva, wakiwa wamekalia mawe. Walikuwa watano, lakini wenye neno walikuwa wawili. Mwenyekiti ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mtu anayekunja karatasi mara tatu kabla ya kuitia mfukoni, hata kama ni ya vocha. Katibu ni mama wa makamo mwenye daftari kubwa la jalada gumu, ambalo analibeba ndani ya khanga kama mtoto. Watu wa mikoa mingine husema Mpare anaweza kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni kutusingizia. Inategemea kuku mwenyewe.

Nilidhani wataweka saini tukanywe chai. Mwenyekiti alivaa miwani akaisoma fomu yangu kama hati ya mashtaka, nami nikitafsiri. Swali la kwanza lilikuwa jina la taasisi, na hapo tu tulikaa nusu saa, kwa sababu ndiva hiyo ina majina mawili, la ukoo unaosema ulichimba na la ukoo unaosema ulichimba kabla. Mwishowe ikaandikwa "Ndiva", basi, ili kila upande ubaki na rufaa yake.

Swali la pili liliuliza kama taasisi inadhibitiwa na watu wa kigeni. Mjumbe mmoja akasema watu wa kijiji cha chini wanatumia maji yetu na hawaji kufukua tope, je, hao si wageni? Mwenyekiti alifikiri, akaamua kwamba ni wageni ila hawatudhibiti, akaamuru iandikwe hivyo.

"La tatu," akasema, "uhusiano na wanamgambo." Akanitazama juu ya miwani. "Wanamgambo wametoka wapi, dakta?"

"Wametoka kwenye methali, mzee."

"Nani aliipeleka methali huko?"

Nikajifanya natafuta ukurasa unaofuata. Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa mahakamani, kwamba kikundi hakina silaha isipokuwa majembe, mapanga na sepetu, vyote mali ya wanachama binafsi. Nilitaka kumwambia aache mapanga. Nikaona nisiongeze.

Swali la nne lilikuwa la siku zangu. Katibu akafungua khanga, akatoa daftari, akalilaza magotini. Kwa kweli hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho, kwa sababu ndani ya miaka hiyo mitatu sikumbuki kuja msaragambo hata mara moja. Pembe ilikuwa ikilia Mamba, mimi nikiwa Same, au kwenye warsha, au kwenye ndege. Nilijua nadaiwa. Nilitegemea kukuta orodha ya sufuria za mama.

Katibu akageuza daftari nione. Jina langu lilikuwepo, pamoja na jina la kitongoji ili nisichanganywe na wale wengine watano. Na mbele yake kulikuwa na alama ya vema. Ukurasa uliofuata, vema. Mwaka wa juzi, vema. Nikahesabu ishirini na tatu, bila pengo hata moja.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilidhani wamekuwa wakinilindia heshima. Nikaanza hata kuandaa maneno ya shukrani.

"Soma na safu ya mwisho, mwanangu," akasema katibu.

Safu ya mwisho ilikuwa ya aliyefika. Nilisoma: mama yake. Mama yake. Mama yake, alibeba mawe madogo. Mama yake, goti linamsumbua, alikatia majani ukingoni. Mama yake. Mama yake, mvua, alirudishwa nyumbani akakataa. Mama yake.

"Lakini mama amesamehewa," nikasema. "Mliwasamehe wote waliovuka sabini. Nakumbuka mkutano wenyewe."

"Kwa shamba lake amesamehewa," akasema mwenyekiti. "Hili ni la kwako. Linadai mikono miwili, na yeye alileta."

"Mbona hamkuniambia?"

Walitazamana. Katibu ndiye aliyejibu, taratibu. "Alituomba tusikwambie. Alisema una namba ya dunia nzima, usisumbuliwe na tope."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mahali pengine popote, hata siku ile ya harusi. Na kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba aibu ile haikudumu hata dakika mbili kabla hofu haijaisukuma pembeni. Nilifikiria Ijumaa. Nilifikiria makreti, na matuta ya mama yaliyoachwa wazi. Mimi nilikuwa nimewaandikia wale watu kwamba ni mwanachama, kwamba sharti nifike. Sasa itakuja barua yenye mhuri kusema sijafika hata siku moja. Nitaonekana mwongo, namba yangu itafungwa, na mbegu zitaozea Same, mikononi mwa mtaalamu wa kuoza.

"Mzee," nikasema, "andika tu kwamba nahudhuria. Vema si zipo? Safu ya mwisho hawaijui."

Mimi, niliyekasirika kuambiwa niandike hakuna. Mjumbe mmoja akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Dakta," akasema mwenyekiti, "nimeandika maelezo ya wezi wa mbuzi kwa miaka thelathini. Hata wao walianza na ukweli, ndipo wakapotea njia. Wewe unataka tuanze na uongo?"

Hasira zikanipanda. Nilimwambia kwamba anashika sheria na kuacha watu, kwamba mashamba yatakaa wazi kwa sababu ya safu moja ya daftari, kwamba mama yangu mwenyewe atakosa msimu. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka ng'ombe wa ng'ambo akainua kichwa. Mwenyekiti alinisubiri nimalize, kama alivyozoea kusubiri washtakiwa. Kisha katibu akauliza swali ambalo mimi, na namba yangu, sikuwa nimejiuliza.

"Kwenye ile fomu ya kwanza uliyotuma, uliandika kwamba unakuja, au uliandika kwamba unatakiwa kuja?"

Nikafungua simu nikasoma. Niliandika kwamba kila mwenye shamba sharti afike. Sikuandika popote kwamba mimi hufika.

"Basi huna uongo," akasema mwenyekiti, na nilimwona akiona raha. "Una uvivu. Kisheria hayo ni makosa mawili tofauti."

Akaandika barua. Ilisema kwamba mtajwa ni mwanachama halali kwa kurithi shamba. Kwamba katika miaka mitatu ameitwa mara ishirini na tatu. Kwamba siku alizofika yeye mwenyewe ni sifuri. Na kwamba kazi yote ya zamu yake ilifanywa na mama yake mzazi, bila kulazimishwa na kamati, ambayo mara kadhaa ilimsihi akae nyumbani. Akatia saini, akaupulizia mhuri pumzi ya moto, akaugonga. Niliipiga picha, nikapanda mpaka kwenye ukuta wa kanisa ambako mtandao unapatikana ukisimama kwa kuegemea upande wa kulia, nikaituma pamoja na tafsiri yake.

Jibu lilikuja Ijumaa saa tisa alasiri. Nililisoma nikiwa bado nimeegemea ukuta ule. Kamati ya usalama imepitia barua na kuridhika. Kwa kuwa imethibitishwa kwamba mtafiti hajakitolea kikundi muda wowote, hakuna mgongano wa wajibu wala tishio lolote. Walinipongeza. Duara la manjano likageuka kijani. Nilikuwa nimetakaswa kwa uvivu wangu, kwa maandishi.

Nikampigia mkuu wa kituo apakie makreti, kisha nikashuka nyumbani. Mama alikuwa jikoni. Nikamwambia kibali kimetoka, mbegu zinakuja Jumatatu, akapiga vigelegele vifupi, vya mtu mwenye chungu motoni. Kisha nikamwambia nimeliona daftari.

Alikoroga makande kwa muda.

"Nilikuwa napita tu," akasema. "Ningekaa nyumbani nifanye nini? Na wangechukua sufuria hii. Nitapikia nini?"

"Ungeniambia, mama."

"Ungekuja?"

Alikuwa ameuliza bila kunilaumu, kama mtu anayeuliza kama kuna chumvi. Nilikula makande nikiangalia sahani, na alipoona nimemaliza akaniongeza.

Makreti yalifika Jumatatu jioni, mvua ya kwanza ikiwa imeshaonja njia. Gari dogo la kituo lilisukumwa kwenye kona mbili. Kulikuwa na mbegu za mashamba mengi na siku moja, labda mbili, kabla hali haijaharibika. Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwomba apige pembe. Nilikuwa na haya ya kuomba. Alifikiri akasema kanuni za ndiva hazizungumzii kupanda tangawizi ya mtu, lakini hakuna kifungu kinachokataza, na ambapo hakuna kifungu kuna busara ya mwenyekiti. Alfajiri pembe ikalia. Nikiwa nimelala kwenye kitanda changu cha utotoni niliwaza kwamba wale watu wa nchi za baridi walihofia kikundi kitanitumia mimi. Hawakuuliza kama mimi nakitumia kikundi, na kwenye fomu hakuna mahali pa kulijibu hilo.

Watu walikuja ndivani, yalikoshushwa makreti. Ukungu ulikuwa bado mzito, wakatokea mmoja mmoja na majembe mabegani, wengine wamejitanda khanga, wengine na viatu vya mvua vya watoto wao. Nilisimama mbele kabisa na jembe jipya nililonunua Gonja, lebo ya duka ingali kwenye mpini. Mama nilimwambia abaki nyumbani. Alikuja na birika la chai, akasema hajaja kulima, amekuja na birika, akakaa nyuma juu ya kreti.

Katibu akafungua daftari akaanza kuita majina kwa sauti ya juu, na kila aliyeitwa alijibu "nipo". Wengine walijibu kwa mzaha, wengine kwa usingizi. Akafika kwenye jina langu, akataja na kitongoji. Nilikuwa nimelisubiri. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

"Nipo," akajibu mama kutoka nyuma.

Lilimtoka lenyewe. Nilipogeuka alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja, macho yanacheka. Watu wote waliangua kicheko, mwenyekiti akavua miwani kujifuta, na mimi nilicheka nao, kisha nikaona siwezi kuendelea kucheka. Ishirini na tatu. Mara zote hizo, kwenye baridi hii, alisimama mahali fulani kwenye kundi hili akaitika jina langu.

Katibu alikuwa ameshika kalamu juu ya safu ya mwisho, ananisubiri.

"Nani yupo?" akauliza.

Nikasema nipo. Sauti ilitoka ndogo sana, ikabidi nirudie.